Bafu la Mama Kioo

Mwalimu alipoteleza bafuni hakumwambia mtu. Aliyepiga simu ni jirani yake, Mama Mapacha, ambaye ua wake umepakana na dirisha la bafu lile. Kwa miaka mingi hakuna kikohozi kilichotoka ndani ya nyumba ile kikampita.

"Baba yako kaanguka," alimwambia Sindano kwenye simu. "Mwenyewe atakwambia hajaanguka. Nimesikia kishindo, kisha kimya, kisha nikamsikia anajifokea kama alivyokuwa anafokea wanafunzi. Njoo umwone."

Sindano alikuwa kazini, kwenye duka kubwa la vigae, ambako kazi yake ilikuwa kuchora mabafu ya wateja kwenye kompyuta. Jina hilo alipewa utotoni kwa wembamba wake. Wembamba ulishaondoka zamani, jina likabaki. Aliomba ruhusa, akawasha gari, akavuka mji kutoka upande wa nyumba mpya kwenda upande wa nyumba za zamani alikozaliwa.

Alimkuta baba yake sebuleni, suruali imepigwa pasi, gazeti mkononi, mguu mmoja kaunyoosha juu ya stuli kana kwamba ndivyo anavyokaa siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona saa za kazi?"

"Umeanguka?"

"Nani kaanguka? Nimekaa chini bila kupanga."

Mzee huyo alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Hata mkewe alimwita Mwalimu mpaka siku alipofariki, mwaka mmoja nyuma. Tangu hapo alikuwa akiishi peke yake na hakutaka kuhamishwa wala kusaidiwa. Ukimuuliza hali alijibu "Nzuri," kisha anakuuliza wewe yako, mazungumzo yanaishia hapo.

Sindano aliingia bafuni. Hodhi la kuogea lilikuwa palepale, la chuma kizito, jeupe, limesimama kwa miguu yake yenye kucha kama za simba. Ukingo wake ulifika juu ya goti la mtu mzima. Ili uoge ilibidi upande na ushuke kama mtu anayeruka ua wa watu. Alirudi sebuleni, akaketi mbele ya baba yake.

"Baba, hodhi lile litakumaliza. Nitakuchorea bafu jipya."

"Lile lina ubaya gani?"

"Wewe ndiye uliyekaa chini bila kupanga."

Mwalimu alifungua gazeti, akajificha nyuma yake.

Bafu lile lilikuwa na historia yake. Mama yake Sindano alikuwa msusi, na kwa kuwa hakuwa na duka, aliwasuka na kuwaosha wateja wake humohumo. Alinunua kioo kipana kutoka kwenye saluni iliyofungwa, akakibandika ukutani kutoka pembe hadi pembe, na kuanzia siku hiyo wanawake wa mtaa wakamwita Mama Kioo. Walikaa kwenye kigoda wakiligeuzia hodhi mgongo, shingo juu ya taulo lililokunjwa, macho wameyafumba, na yeye akawamiminia maji ya vuguvugu kwa kopo la bati. Mvuke, harufu ya mafuta ya nywele, vicheko vinavyogonga vigae vya kijani na kurudi, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya nyumba ile kila Jumamosi.

Choo kilikuwa humohumo, kwa hiyo mtoto akibanwa na haja ilibidi abishe hodi na kujieleza. "Pita mwanangu, tumefumba macho," wangemwambia, na hakuna aliyefumba. Kaka yake Sindano alijifunza kujizuia mpaka jioni. Siku hizi anaishi ng'ambo na husema ndiyo sababu hakuna kikao cha ofisi kinachomshinda. Sindano yeye alikaa nje ya mlango, sikio kwenye tundu la ufunguo, akajua mambo ya mtaa ambayo mpaka leo hajamsimulia mtu.

Alirudi wiki iliyofuata na futi yake ya kupimia. Kama ilivyo kwa nyumba nyingi za zamani, hapakuwa na kona iliyonyooka. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa upande wa pili, na sakafu ililala kidogo kuelekea mlangoni. Lakini kuta zilikuwa nene, dirisha lilikuwa kubwa, na mtu angeweza kunyoosha mikono yote bila kugusa kitu. Wateja wake wa nyumba mpya hawakuwa na hayo. Huko kuta zimenyooka kama rula, ila ukizigonga kwa kidole jirani anakuuliza nani. Bafu lina ukubwa wa kabati, dirisha hamna, kuna feni tu ya kutoa hewa. Na kila mteja huja na maneno yaleyale, kwamba anataka bafu lisilofanana na la jirani, kisha anachagua kigae kilekile cha kijivu.

Kwake pia kilikuwa cha kijivu. Alimshawishi baba yake aende akakae naye mpaka goti lipone, lakini nia yake hasa ilikuwa mzee alionje bafu la kisasa alipende. Mwalimu alikwenda kwa shingo upande, na begi dogo kama mtu anayelala siku moja.

Bafu la Sindano halikuwa na kizingiti. Unaingia kwa miguu yako, unaoga, unatoka. Taa yake ilijiwasha mtu akiingia na kujizima akitulia. Sasa, Mwalimu alikuwa mtu wa kutulia chooni. Asubuhi ya kwanza, Sindano na mumewe walikuwa jikoni waliposikia sauti ya gwaride la shuleni.

"Nani kazima taa?"

Sindano alikimbilia mlangoni. "Hakuna aliyezima, baba! Punga mkono!"

"Nimpungie nani?"

"Punga tu, itawaka!"

Kisha mwanga ukaonekana chini ya mlango, na sauti ikasema kwa uchungu, "Umri wangu huu, nimekaa humu napungia ukuta." Mkwe wake alikuwa ameshaweka uso ndani ya taulo la vyombo, mabega yanamtikisika.

Siku ya kurudi kwake, Sindano alimrudisha kwa gari. Walipoupita mzunguko wa barabara akakohoa kidogo.

"Bafu lako zuri, mama," alimwambia bintiye. "Safi. Lakini mtu akiwa humo hajui kama kuna jua au mvua inanyesha. Mama yako asingeweza humo."

Sindano alikaza mikono kwenye usukani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia baba yake akimtaja mama bila kuulizwa. Akangoja aongeze neno.

Siku ya kupanga kazi, fundi bomba alifika mapema. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, na kwa sababu kila ukimharakisha alisema "polepole, tutafika," watu wakamwita hivyo, Polepole. Sindano alitandaza mchoro wake juu ya meza ya jikoni, akaubana kwa kopo la sukari na birika. Ulikuwa mchoro mzuri kweli. Hodhi limeondolewa. Mahali pake kuna sakafu iliyolala sawa na ya chumba chote, bomba la mvua, kiti cha kukunja ukutani, na chuma cha kushikilia.

"Kiti nimekiweka hapa, karibu na koki," alieleza, "ili baba asihangaike kuifikia."

Polepole alitikisa kichwa kukubali. Mwalimu, aliyekuwa akinywa chai yake kana kwamba habari hizo hazimhusu, aliweka kikombe chini.

"Hapana. Kiti kikae ukuta wa dirisha."

"Kwa nini, baba?"

Aliinuka, akaingia bafuni akichechemea, nao wakamfuata. Alisimama kando ya hodhi, akaonyesha kwa kiganja kama alivyokuwa akionyesha ramani darasani.

"Anayeogeshwa amekaa hapa. Anayemwogesha anapiga goti hapa, kwa hiyo paachwe nafasi ya mtu wa pili. Koki ikiwa nyuma ya anayeogeshwa, huwezi kuyaonja maji kwa mkono wako kwanza. Yatamfika yeye kabla yako, yawe ya moto, yawe ya baridi, naye atashtuka. Na hicho chuma umekiweka juu mno. Mtu aliyeishiwa nguvu hainui mkono mpaka huko. Kiwe usawa wa kiuno, hivi, ajivute nacho huku umemshika kwapa la upande wa pili. Usimshike mkono. Ukimshika mkono unamuumiza."

Polepole alimtazama. "Mwalimu, uliwahi kufanya kazi hospitali?"

"Hapana."

Maji yalidondoka tone kwenye hodhi.

"Baba, haya umeyajua wapi?"

Mwalimu aliketi kwenye ukingo wa hodhi, mguu mbovu kaunyoosha. Polepole akasema anakwenda kuangalia mabomba ya nje, akatoka, na hakuna aliyemwona akiangalia bomba lolote.

"Mama yako," alisema Mwalimu. "Ile miezi ya mwisho."

"Si Mama Mapacha aliyekuwa anamwogesha?"

"Alitaka mdhani hivyo. Nywele zilipoanza kumtoka hakutaka mwanamke yeyote amguse. Alisema, 'Mwalimu, hawa wote mimi ndiye niliyewatengeneza. Sitaki wanione hivi.' Na ninyi watoto hakutaka mjue amedhoofika kiasi gani. Basi nikabaki mimi."

"Wewe? Wewe ambaye hukuwahi hata kutuosha miguu?"

"Mimi huyohuyo." Alicheka kidogo, puani. "Siku ya kwanza nilimmiminia maji masikioni. Nikamtia sabuni machoni. Nikadhani atalia, kumbe anacheka, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaanza kunifundisha. Onja maji kwa kifundo cha mkono, siyo kwa vidole. Tumia ncha za vidole, siyo kucha. Kisogoni taratibu, pana baridi pale. Maisha yangu yote nilikuwa nasahihisha kazi za watu. Humu nilisahihishwa mimi."

Sindano aliegemea ukuta wa vigae. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akija kila Jumapili na mfuko wa matunda, akamkuta mama kajifunga kilemba, ananukia sabuni, naye akamwambia, "Mama, leo umependeza." Alikuwa anasifia kazi ya baba yake bila kujua. Hasira ilimpanda, kwamba walimficha, na wivu pia, kwamba kulikuwa na nyumba ndani ya nyumba ile ambayo yeye hakukaribishwa. Vikapanda, vikashuka, kikabaki kilio.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilimwahidi."

"Alikuwa anaumia sana?"

"Siku nyingine. Siku nyingine tulikaa tu. Maji yanapoa, dirisha liko wazi, tunasikiliza redio ya Mama Mapacha inavyopiga kelele. Mama yako alisema yule mwanamke atajitia uziwi mwenyewe."

Baada ya mazungumzo hayo mambo yaligeuka. Sindano, aliyekuwa mstari wa mbele kutaka hodhi liondoke, sasa hakutaka kusikia neno nyundo. Alimfuata Polepole uani.

"Litoke zima. Nitalichukua kwangu."

Polepole alikwaruza shavu. "Dada yangu, hili halitoki mlangoni. Hili liliingia kabla ukuta haujafika juu. Nyumba ndiyo iliyolifuata. Labda nitoe dirisha na ukuta ulio chini yake."

"Toa."

"Na kwako litaingia?"

Alikwenda kupima. Mumewe alishika ncha moja ya futi, yeye nyingine, wakajaribu kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Lilikuwa linaweza kukaa mahali pamoja tu, nalo ni pale kilipokuwa choo.

"Basi tuchague," alisema mume wake, ameegemea karo la kunawia. "Tuoge kwa raha, haja tukaombe kwa majirani."

Sindano aliangua kicheko, akacheka mpaka akaketi sakafuni, na hapo kicheko kikageuka. Mumewe akaketi karibu naye, futi mikononi, akamwacha alie. Walikaa hivyo bila kusogea. Kisha taa ikajizima, na hakuna aliyepunga mkono.

Kesho yake alimpigia simu baba yake akamwambia amepata njia, ataliweka mbele ya nyumba, alijaze udongo, apande maua.

"Mwanangu," alisema Mwalimu, "mimi sikulipenda lile hodhi. Lina baridi, na limeniangusha. Nililing'ang'ania kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejua yaliyopita humo. Likiondoka nami nikaondoka, basi yamekwisha. Sasa wewe unajua. Mwambie Polepole alivunje."

"Una uhakika?"

"Mkononi nina chai inapoa. Mwambie alivunje."

Lilivunjwa Jumamosi asubuhi. Chuma cha zamani cha aina ile hupasuka kama chungu, kwa hiyo Polepole alilifunika kwa mablanketi chakavu ili vipande visiruke, akavaa miwani, akachukua nyundo kubwa. Mwalimu hakutaka kuona. Alivuka kwa Mama Mapacha, wakaketi barazani yeye, mwenye nyumba na Sindano. Kila nyundo ilipotua vikombe vilitetemeka kwenye sahani zake. Wa kwanza kutoa machozi alikuwa Mama Mapacha. Mwalimu akatoa leso yake iliyopigwa pasi, akampa.

"Niliwasikia," alisema Mama Mapacha, leso usoni.

"Ulisikia nini?"

"Ninyi wawili. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia maji, nikamsikia mwenzangu anacheka. Siku nyingine nilisikia analia, na wewe unamhesabia pumzi. Nikasema, hawa wawili wasije wakajua kuna sikio hapa. Nikawa nafungulia redio kwa nguvu."

Mwalimu alimtazama. Sindano alidhani atasema neno la kiungwana, la shukrani, la mwalimu mkuu. Badala yake mzee alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti mbele ya watu, kitu ambacho hakukifanya hata makaburini. Mama Mapacha akasogeza kiti chake mpaka viti vikagusana. Upande wa pili wa ua nyundo ikaendelea.

Chini ya hodhi, Polepole alikuta vumbi la miaka, na ndani yake vibanio vya nywele visivyo na idadi, gololi ya kaka mtu, kitana kilichong'oka meno na rola za plastiki za kila rangi. Alivikusanya kwenye kopo akavileta barazani. Mama Mapacha alivichambua, akachomoa rola moja ya waridi.

"Hii yangu."

"Umeijuaje?" aliuliza Sindano.

"Mama yako aliniambia ameirudisha. Nilimwambia hajairudisha. Tulinuniana juma zima."

Akaitia mfukoni, kesi imekwisha.

Kazi ilichukua muda, maana Polepole alikuwa Polepole kweli, na ukuta wa zamani kila ukifunguliwa ulitoa jambo jipya: bomba lililopinda pasipo sababu, waya usiokwenda popote. Vigae vya kijani kama vile havitengenezwi tena. Sindano alipekua ghala la dukani kwao mpaka akapata vyeupe vyenye ukingo mwembamba wa kijani, si vilevile, ila havikugombana na kioo, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Kiti kikakaa ukuta wa dirisha. Chuma kikakaa usawa wa kiuno. Taa ilikuwa ya kuwasha kwa mkono, na Mwalimu aliijaribu kabla Polepole hajafungasha vifaa, washa, zima, washa, mpaka akaridhika.

Siku alipooga humo mara ya kwanza, Sindano alisimama kwenye ujia bila sababu yoyote ya maana, akijifanya anapanga mashuka. Alisikia maji yakifunguka, yakafungwa, yakafunguka tena. Baba yake alikaa sana. Alipotoka alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa ndevu, goti linakunjika kuliko zamani.

"Kisahani cha sabuni umekiweka mkono wa kushoto," alisema.

"Nitamwambia Polepole."

"Acha. Nitazoea." Alitazama miguu yake. "Viatu vyangu vimekwisha visigino. Twende kwa fundi viatu."

Kwa fundi viatu ni kule mwisho wa barabara kubwa, na Mwalimu hakuwa ametembea umbali huo tangu alipofiwa. Sindano alichukua funguo za gari. Baba yake akatikisa kichwa, akachukua fimbo, wakatoka kwa miguu. Watu walimsalimu kutoka madirishani, naye akawajibu kila mmoja kwa jina la mtoto wake aliyemfundisha. Walipofika penye magari mengi alisimama, akamshika bintiye mkono.

"Mama yako nilimwona mara ya kwanza hapa."

"Hapa? Mama alisema mlikutana kwenye harusi."

"Harusini tulitambulishwa. Kabla ya hapo nilimwona hapa. Kabeba godoro kichwani, peke yake, mvua inakuja, na mimi nina shati langu la kwanza la kazi. Nikamwambia, dada, nikusaidie? Hakugeuka hata kunitazama. Akasema, 'Shika huko nyuma, na usitembee kama mwalimu.'"

Sindano alisimama akamkodolea macho. "Alijuaje kama wewe ni mwalimu?"

"Ngoja tuvuke kwanza," alisema mzee, "nikueleze vizuri."